Uraka Unastahili Mhakiki

Ukitaka kujua kinywaji fulani kinaheshimiwa kiasi gani, usiulize bei yake. Hesabu maneno kilichopewa. Kuna mvinyo mwekundu unaotoka katika vijiji vichache vya kaskazini-mashariki mwa Italia, mvinyo ambao Waitaliano wengi hawajawahi kuuonja, na bado wapo watu waliouandikia kurasa na kurasa: unanukiaje ukimiminwa, unabadilikaje ukikaa, ulimi unabaki na nini baada ya kumeza. Kwetu kusini tuna uraka. Kila msimu wa korosho unanywewa Masasi, Newala, Tandahimba na kwingineko, na ukiwauliza wanywaji wake ukoje, watakujibu kwa neno moja kati ya mawili: mtamu, au mkali. Ukimuuliza asiyekunywa, atakupa neno la tatu ambalo halihusu ladha hata kidogo: pombe ya kienyeji.

Ninachodai hapa ni kwamba maneno hayo matatu hayatoshi, na kwamba uchache wake una gharama.

Tuanze na msomaji asiyetoka kusini. Mkorosho huzaa vitu viwili vilivyoshikana. Juu kuna bibo, jekundu au la njano, lenye umbo kama la pilipili hoho na maji mengi. Chini yake imening'inia korosho. Wataalamu wa mimea watakuambia kuwa tunda halisi ni ile korosho, na bibo ni kikonyo tu kilichovimba. Soko limelipokea somo hilo kwa mikono miwili. Korosho ina bodi, ina maghala, ina minada, ina mfumo wa stakabadhi ghalani tangu 2007. Mwaka 2018 ilifika hadi ya kukusanywa na jeshi kwa amri ya Rais Magufuli, kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Bibo halina bodi. Linaiva, linadondoka, linanyofolewa korosho yake, kisha linaachwa chini ya mti kwa nzi na nyuki.

Na kiasi chake si kidogo. Hukadiriwa kwamba kila tani moja ya korosho huja na tani nane hadi kumi za mabibo. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 313,000 za korosho. Piga hesabu kwa makadirio ya chini kabisa: ni kama tani milioni mbili na nusu za tunda lenye vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na nyingi zikaoza shambani. Kinachookolewa, kinaokolewa na wanawake wenye ndoo.

Uraka si gongo. Nalisema mapema kwa sababu mengi mabaya yanayosemwa juu ya uraka yanatokana na kuvichanganya vitu hivi viwili. Uraka ni maji ya bibo yaliyokamuliwa, yakachujwa, yakaachwa yachachuke yenyewe kwa chachu ambayo tunda limekuja nayo kutoka shambani. Moto haugusi popote. Inayopikwa ni nipa, ndiyo gongo ya kusini: kilichochachuka kinachemshwa na mvuke wake unakusanywa tone kwa tone. Mara nyingi nipa hutokana na kochoko, yaani mabibo yaliyoanikwa yakakauka ili yatumike hata baada ya msimu kupita. Uraka hauna subira hiyo. Bibo likishadondoka lina siku moja ya uhai, na uraka wenyewe una mbili au tatu. Ni kinywaji kisichoweza kusafiri wala kungoja.

Sasa ladha. Mama mkubwa wangu anaishi Mkomaindo, mjini Masasi, na ametengeneza uraka kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Msimu uliopita niliuonja wa kwake kwa makusudi, kikombe kimoja kwa kila hatua, daftari mkononi, yeye akinicheka.

Hatua ya kwanza ni jioni ya siku ileile uliyokamuliwa. Rangi ni ya maji ya mchele yenye unjano kwa mbali. Utamu unatangulia, na nyuma yake, kama mtu aliyechelewa mlangoni, unaingia ukakasi. Harufu ni ya pera lililoiva kupita kiasi pamoja na majani mabichi yaliyopondwa. Huu ni uraka wa wasiotaka uraka: hauna kosa, ila bado haujasema kitu.

Hatua ya pili ni kesho yake, tangu asubuhi hadi jua linapoanza kuinama. Huo ndio uraka. Utamu umerudi nyuma, ugwadu umesogea mbele kama wa embe bichi, povu linauchoma ulimi kidogo, na ukakasi umekaa katikati ukivishikilia vyote. Pera bado lipo, lakini sasa kuna ukwaju pia, na kwa mbali kabisa harufu ya gome la mti lililokatwa asubuhi. Ukimeza, mdomo unabaki mkavu na unataka kitu chenye chumvi: samaki mkavu, au korosho za kuchoma, pengine za mti uleule.

Hatua ya tatu ni siku ya tatu. Ugwadu umeshika kila kitu, siki iko mlangoni. Wapo wazee wanaoupenda hivi, wakisema sasa ndiyo umekomaa. Mimi naona umekwisha. Ukali peke yake si ukomavu, kama ambavyo mzee mwenye hasira si lazima awe na busara.

Katika yote hayo, kinachoutambulisha uraka ni ukakasi, na hapo Kiswahili kina bahati. Waandishi wa mvinyo mwekundu hutumia nusu ya nguvu zao kueleza jambo ambalo sisi tuna neno lake tangu utotoni. Ukakasi wa mvinyo unatokana na tanini, ambayo hutoka zaidi kwenye maganda na mbegu za zabibu, na ndiyo huamua kama kilichomo kwenye glasi kina mwili au ni maji yenye rangi. Bibo nalo limejaa tanini. Ndiyo inayokausha mdomo wa anayeling'ata, na kila aliyesoma shule ya msingi kusini analijua pia doa la bibo kwenye shati jeupe.

Kwa hiyo ufundi wa uraka ni ufundi wa kuutawala ukakasi, na mtu anaweza kuufanya vizuri au vibaya. Mama mkubwa halipigi bibo kwenye kinu kama wafanyavyo wenye haraka. Anaminya kwa mkono. "Ukiliponda kwa hasira," anasema, "litakupa maji mengi na ubaya wake wote." Kabla ya hapo anapitia bibo moja moja kuhakikisha hakuna kipande cha ganda la korosho kilichosalia, maana mafuta ya ganda hilo huunguza mdomo na ngozi. Hachanganyi mabibo ya jana na ya leo. Haongezi sukari, haongezi hamira, haongezi maji. Wapo wanaoongeza vyote vitatu, na uraka wao unajitangaza: unapanda povu haraka, unapiga kichwa haraka, na ukishuka kooni hauachi kumbukumbu yoyote. Ni uraka dufu, na kuusifu kwa sababu tu ni wa kwetu ni kumdhulumu anayefanya kazi yake sawasawa.

Lugha yetu imetupa na kifaa kingine ambacho hatukitumii. Kiswahili hutofautisha kunuka na kunukia kwa silabi moja tu. Kitu kinachonukia kinakujia wewe, kwa faida yako. Kinachonuka kinanuka tu. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba uraka unanuka. Sijasikia mtu akisema unanukia, ingawa wa siku ya pili, ukiwa kwenye kivuli na umefunikwa kitambaa safi, unanukia hadi barabarani. Silabi hiyo moja ni uamuzi wa kihakiki, na tumeufanya bila kuonja.

Ukipanda kutoka Masasi kwenda Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, jambo linabadilika tena. Uwanda ule ni mchanga mtupu unaonyonya mvua yote. Mito haipo juu, na kwa vizazi na vizazi wanawake wa Kimakonde waliteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Mabibo huiva mwishoni mwa kiangazi, wakati maji ni adimu kuliko wakati wowote. Fikiria maana yake: nchi isiyo na maji, katika mwezi wake mkavu kabisa, inaangusha chini ya miti yake mamilioni ya lita za maji matamu. Wanywaji hubishana kama uraka wa Newala ni mzito kuliko wa Masasi. Mimi niliouonja kule ulikuwa na ukakasi zaidi na harufu kidogo. Lakini ubishi wenyewe ndio ulionifurahisha. Watu wanaobishana hivyo tayari ni wahakiki. Wamekosa tu mahali pa kuandika.

Huo mvinyo wa Italia nilioutaja mwanzo unaitwa Schioppettino, na zabibu yake nyeusi inaitwa vivyo hivyo. Ni ya Friuli, mkoa unaopakana na Slovenia, hasa maeneo ya kijiji cha Prepotto. Jina linahusishwa na mlio wa kupasuka: wengine husema ni ganda la zabibu linavyopasuka mdomoni, wengine kwamba zamani mvinyo wake ulikuwa na mapovu. Wanaoujua huutambua kwa harufu ya pilipili manga. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu anayekula mizizi ya mizabibu aliangamiza mashamba ya Ulaya, na wakulima wa Friuli walipopanda upya walichagua zaidi zabibu za Kifaransa zenye jina na soko. Schioppettino ikabaki mistari michache kwenye kingo za mashamba. Kufikia miaka ya 1970 haikuwemo hata kwenye orodha ya zabibu zilizoruhusiwa kupandwa. Mkulima aliyetaka kuipanda zabibu ya babu yake alikuwa anavunja sheria.

Waliookoa zabibu hiyo ni watu wachache. Paolo na Dina Rapuzzi walianzisha shamba lao la Ronchi di Cialla mwaka 1970, wakazunguka kutafuta miche iliyosalia na kuipanda bila kungoja ruhusa. Msaada ulitoka mahali pasipotarajiwa: kwa wapika pombe kali. Familia ya Nonino ya kijiji cha Percoto hutengeneza grappa, pombe inayopikwa kutokana na maganda na mbegu zinazobaki baada ya zabibu kukamuliwa. Ni pombe ya makapi, na kwa muda mrefu ilikuwa ya maskini. Mwaka 1975 akina Nonino walianzisha tuzo kwa ajili ya wakulima watakaopanda upya zabibu za asili za Friuli, Schioppettino ikiwa mojawapo. Akina Rapuzzi walikuwa wa kwanza kuipata. Baadaye sheria ikarekebishwa.

Kisha tuzo hiyo ikafanya jambo ambalo msomaji wa jarida la fasihi hapaswi kulipita haraka: ikapanuka ikawa pia tuzo ya fasihi. Mwaka 2001 ilikwenda kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Yaani mwandishi wa Afrika Mashariki aliyetumia maisha yake kudai kwamba lugha ya mama si lugha ya daraja la pili, alipewa tuzo iliyozaliwa kutetea zabibu zilizokuwa zimedharauliwa kwao. Sidhani kama waliompa waliona vitu viwili tofauti hapo. Mimi pia sivioni. Lugha ikiambiwa ni ya kienyeji na kinywaji kikiambiwa ni cha kienyeji, neno ni lilelile na kazi yake ni ileile: kumwondolea msemaji wajibu wa kusikiliza, na mnywaji wajibu wa kuonja.

Hapa kwetu pia kuna zabibu nyeusi yenye jina la nyumbani. Inaitwa Makutupora, kwa jina la sehemu iliyo karibu na Dodoma, mkoa ambako kilimo cha zabibu kilianza miaka ya 1950 katika misheni ya Bihawana. Mvinyo wake hauna aibu ya kuwekwa mezani mbele ya wageni. Nami naufurahia, ila nikisoma maelezo ya mvinyo wa namna hiyo nakuta umefananishwa na beri na cheri, matunda ambayo wengi wetu tunayajua kwa picha. Tumeupa mvinyo heshima, na tukaazima ulimi wa kuuonjea. Uraka umenyimwa heshima, lakini ulimi wake tunao: pera, ukwaju, embe bichi, gome.

Huenda ukasema mkorosho wenyewe si wa asili hapa. Ni kweli. Kwao ni Brazil, na Wareno ndio walioueneza katika karne ya 16, wakaupeleka Msumbiji na India. Huko Goa, pwani ya magharibi ya India, bibo linatengenezwa pombe kali iitwayo feni, ambayo mwaka 2009 ilisajiliwa kama bidhaa yenye asili ya mahali pake, kwa ulinzi wa namna ileile inayolinda majina ya mivinyo ya Ulaya. Kabla feni haijafika mwisho wa kupikwa, mvuke wa kwanza huwapa Wagoa kinywaji chepesi cha msimu wanachokiita urrak. Soma jina hilo kwa sauti. Linatokana na neno la Kiarabu la jasho, kwa kuwa matone ya pombe inayopikwa hudondoka kama jasho. Sioni namna neno hilo na uraka wetu wasiwe ndugu, waliosafiri kwa majahazi na merikebu zilezile zilizobeba mbegu. Tofauti ni kwamba ndugu wa Goa hupitishwa motoni, wa Masasi hapitishwi. Jina lilifika, na watu wa hapa wakalipa kinywaji chao. Nadhani uasili ni hivyo. Haujalishi mti ulitoka wapi. Unajali nani aliukaa chini yake na kujifunza tabia zake.

Tanzania ina sheria ya mwaka 1966 inayokataza kutengeneza moshi bila leseni, yaani pombe ya kupika kama gongo na nipa. Sina ugomvi na nia yake. Pombe inayopikwa gizani bila kipimo imeua na kupofusha watu. Pombe za kuchachusha ziko chini ya sheria nyingine, ya vileo ya mwaka 1968, inayodai leseni na kupanga saa za kuuza. Kwa maneno mengine, sheria imeweza kutofautisha kisichotofautishwa na mazungumzo yetu. Friuli sheria iliikataza zabibu na kumbukumbu za watu zikaitunza. Kwetu sheria inauruhusu uraka kwa masharti, na midomo yetu ndiyo inayouharamisha.

Najua pia kwamba majirani wengi wa mama mkubwa ni Waislamu wasiokunywa, na kwa imani yao uraka ni haramu kama mvinyo wowote wa Italia. Huo ni msimamo unaoeleweka, nao haubagui: unaukataa uraka na Schioppettino kwa sauti moja. Ninaobishana nao ni wengine: wanaokunywa mvinyo mwekundu kwenye harusi Dar es Salaam na kuuita ustaarabu, kisha wakifika Masasi wakaita uraka ushamba. Na sisemi ulevi haupo. Upo, na nimeuona katika nyumba ninazozijua. Lakini mnywaji asiyefundishwa kuonja anabakiwa na kipimo kimoja tu cha pombe, nacho ni kulewa. Uhakiki hauhimizi kunywa sana. Ukifanywa vizuri, unamfanya mtu aweke kikombe chini na kufikiri.

Mama mkubwa alinilea miaka yote niliyokuwa shule, na ndoo zile ndizo zilizonunua sare na madaftari. Kwenye fomu za shule, penye kazi ya mlezi, aliandika mkulima. Haikuwa uongo. Lakini hakuna fomu aliyowahi kuijaza iliyokuwa na nafasi ya kile anachokijua kuliko mtu yeyote mtaani kwake. Mgeni mwenye suruali iliyopigwa pasi akiingia uani, ndoo inafunikwa kanga. Nilipomwambia nataka kuandika juu ya uraka wake aliniuliza, "Wataandika jina langu?" Nikamwambia hapana. Akasema basi sawa.

Binti zake hawataki kujifunza, na siwalaumu. Nani atajifunza kazi inayofunikwa kanga? Lakini mama mkubwa anaijua mikorosho mti kwa mti. Anajua upi hutoa bibo lenye maji mengi na ukakasi mdogo, upi unanukia, upi haufai ila kwa korosho tu. Miti hiyo ni mikongwe, iliyoota kwa mbegu, kila mmoja na tabia yake. Sasa inakatwa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimezalisha aina bora za mikorosho zinazozaa sana na kustahimili ubwiriunga, ule ukungu mweupe ambao wakulima huupigia salfa, kama ambavyo wakulima wa zabibu wa Ulaya wamekuwa wakiupigia ukungu wa jamii hiyohiyo tangu karne ya 19. Mkulima ana haki ya kupanda mti utakaomlipa. Ila aina hizo zimechaguliwa kwanza kwa ajili ya korosho, na sijakutana na mkulima aliyeulizwa bibo la mti anaoukata lilikuwa na ladha gani. Schioppettino ilipokaribia kupotea walikuwepo watu waliolijua jina lake na kwenda kuitafuta. Miti ya mama mkubwa haina majina. Itapotea bila hata kuonekana kwamba imepotea.

Sipendekezi uraka uingizwe kwenye chupa yenye lebo ya dhahabu. Uraka uliochemshwa ili ukae rafuni miezi sita hautakuwa uraka. Utakuwa maji ya bibo yenye kumbukumbu ya uraka. Ubora wake ni huo wa kutongoja. Mvinyo unaweza kupelekwa kwa mhakiki aliyeko mbali. Kwa uraka, ni lazima mhakiki aufuate ulipo, mwezi wake, siku yake ya pili, kabla jua halijainama. Kinachoweza kusafiri ni maneno. Kwa hiyo maneno ndiyo yaanze, na yaanze kwa ukali unaostahili: huu umekamuliwa vizuri, huu umeongezwa sukari, huu umechelewa siku moja, huu unanukia.

Ukifika kusini msimu wa korosho na ukawa mtu wa kunywa, usiulize bei kwanza. Muulize mwenye ndoo maswali matatu. Mabibo haya yameokotwa lini? Yameminywa au yamepondwa? Ni ya mti gani? Anayeuza uraka dufu atakujibu kwamba uraka ni uraka. Anayeijua kazi yake atanyamaza kidogo, akutazame vizuri, kisha atakuonyesha mti kwa kidole.